Sentensi Niliyoiruka Mwingi

Mwingi, Alhamisi, 1936

Jua limechoma tangu asubuhi, na upepo wa upande wa Garissa umejaa vumbi. Mwili umechoka kwa safari ya lori kutoka Kitui, lakini moyo umetulia. Sikutarajia hivyo, kwa mambo yaliyonipata leo.

Nilitoka Tanga wiki mbili zilizopita kuja kuona jinsi vita vya Mtaliani na Habeshi vinavyowagusa watu wa nchi hii. Gazetini kwetu mimi ndiye mwandishi wa mambo ya mataifa. Nakiri kwamba kazi hiyo nimeifanya miaka minne nikiwa mezani, nikiwakemea wakubwa wa Ulaya ambao hawanisomi.

Mwenyeji wangu ni Mwalimu Mutua wa shule ya misheni. Mchana alinipeleka kunywa chai dukani kwa Mama Dahabo, mjane wa Kisomali anayeuza sukari, chumvi na nguo. Alimwambia tu kwamba mimi ni mgeni kutoka Tanganyika, kisha akarudi darasani. Sasa nadhani alijua alichokifanya.

Mama yule anasoma Kurani, lakini herufi za Kizungu hazijui. Alitoa gazeti lililokunjwa, akaniomba nimsomee habari za vita.

Lilikuwa gazeti letu. Ukurasa ulikuwa wangu.

Nikasoma jinsi mataifa makubwa yalivyokataa kumuuzia Mtaliani vitu kadha wa kadha huku yakimwachia mafuta ya motokaa zake. Hapo nilijiona nimeandika vizuri. Kisha macho yakafika kwenye sentensi iliyosifiwa sana Tanga: kwamba kila Msomali anayemtumikia Mtaliani ni msaliti, na jangwa na limmalize kwa kiu.

Niliiruka.

Nikaendelea na iliyofuata kana kwamba haipo. Nilipomaliza nilidhani ameridhika. Akanimiminia chai tena, akasema polepole, "Umeacha maneno, bwana. Mwalimu alinisomea juma lililopita. Nilitaka mtu mwingine asome, nijue kama yeye alikosea."

Nikamwambia Mwalimu hakukosea. Nikamwambia pia kwamba aliyeandika ni mimi.

Hakunifukuza. Alinieleza habari za Nuur, mwanawe wa pekee. Alivuka mpaka kununua ngamia, askari wa Mtaliani wakamkamata yeye na wanyama wake, wakawatwika mapipa ya maji na kuwapeleka vitani. Mjomba wake, aliyekamatwa naye kisha akatoroka, ndiye aliyeleta habari. Tangu hapo hakuna neno.

"Mimi pia nataka Habeshi ashinde," akasema. "Lakini mtoto wangu usimwombee kiu."

Nilimkumbuka marehemu baba, aliyekamatwa shambani kwetu Muheza akabebeshwa risasi za Mdachi, yaani Mjerumani, katika vita vile vikubwa. Alirudi na makovu mabegani. Hakuna aliyemwita msaliti. Na siku hizi, wanapojadiliana Ulaya kama Tanganyika irudishwe kwa Mdachi, mimi ndiye ninayepiga kelele kwamba sisi si magunia ya kupokezana.

Lakini mtoto wa jirani nilimwona gunia.

Nilimuuliza kama angependa nimwandike Nuur gazetini. Akasema niandike jinsi wanavyochukuliwa, ila jina nisilitaje, maana Mtaliani naye ana watu wa kumsomea magazeti. Katika miaka yangu minne ya siasa za mataifa, hilo sikuwahi kuliwaza.

Nimeandika alasiri yote kwenye dawati la wanafunzi wa Mutua. Makala ni fupi. Nimesema nilikosea, na sentensi ile nimeinakili nzima ili asiyeiona mara ya kwanza aione. Mhariri hatafurahi. Pengine nitarudishwa kwenye habari za mkonge, na nitakubali.

Kabla ya kufunga bahasha nilirudi dukani nikamsomea yote, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho, akanirekebisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba kijana huyo amepotea.

"Andika hajarudi," akasema.

Nimebadilisha. Barua itaondoka na lori la asubuhi.