Cheti Kinaniita Chiriku

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana hata kukaa siwezi, nakaa nainuka, nachungulia simu nairudisha mezani. Mimi ni mkunga, nimemaliza chuo juzijuzi, hospitali imenipa kazi na inasubiri tu kuhakiki cheti changu Ijumaa, na chuo chetu siku hizi kinaweka vyeti kwenye blokcheni, ule mfumo ambao rekodi ikishaingia haifutiki, watu wasije wakaghushi, na anayeziingiza ni wifi yangu, mke wa kaka, sasa nimekifungua cheti nikakuta nimeandikwa Chiriku. Hilo ni jina la nyumbani, wananiita hivyo kwa sababu ya mdomo wangu. Wifi akaniambia, "Wifi, vidole vilijiendea vyenyewe, viliandika ninavyokuita."

Kusahihisha kunawezekana, ila sahihisho linaongezwa chini ya lile kosa na jina la aliyekosea linaonekana, naye bado yuko kwenye majaribio ya kazi pale chuoni, mkuu wake alishawaonya kuhusu makosa, na kaka ameumia mgongo, mshahara wa wifi ndio unaolisha watoto. Ananisihi niende mahakamani nibadilishe jina, niwe Chiriku kisheria. Nikisema, namharibia. Nikinyamaza, kazi inaniponyoka. Nifanye nini?

Mkunga asiyetulia

Mkunga, pole. Nimecheka kwanza, nisikufiche, halafu nikakasirika. Yaani uliache jina ulilopewa na wazazi kwa sababu mtu kabonyeza vibaya? Na wewe, chiriku mzima, mdomo umeupeleka wapi wiki hii unayouhitaji?

Wifi yako namwonea huruma. Hakughushi chochote, aliandika jina la mapenzi. Lakini anataka kosa lijifiche, na yeye ndiye anayejua kuliko sote kwamba mule hakijifichi kitu. Ijumaa hospitali itapiga simu chuoni, mkuu wake atasikia kwa wageni, na hapo hatakuwa na la kujitetea.

Ipigie hospitali leo, waambie sahihisho linakuja. Kesho asubuhi mpitie wifi nyumbani, mwende wote kwa mkuu wake. Yeye atangulie kusema, wewe umsemee mema, maana kusema unajua. Akigoma, nenda peke yako, na usimwombe ruhusa.

Cheti kitabaki na mistari miwili, wa kosa na wa sahihisho, na atakayekisoma ataona mtu alikosea akakiri. Wifi yako ataweza kuishi na hilo. Ila ukikosa kazi naye akijua sababu, kisha mkaendelea kula meza moja, hilo hakuna mfumo utakaolisahihisha.