Herufi F Iliyobaki

Silibwet, 4 Mei 1998

Caren mpendwa,

Chamgei. Habari za Nairobi na masomo? Sisi tuko salama, isipokuwa mgongo wa mama yako unamsumbua tangu tupande mahindi.

Ile kompyuta niliyopewa na kiwanda nilipostaafu ina shida. Kila nikiiwasha inasema haipati F. Nikifungua ndani, herufi hiyo iko hapo na alama nyekundu. Mchungaji na wazee wa kanisa watakuja kuiona, na sitaki wakute hiyo. Nifundishe kuitoa.

Ni mimi,
Baba yako

Nairobi, 12 Mei 1998

Baba mpendwa,

Chamgei mising. Mimi ni mzima. Mwambie mama asiiname sana.

Fungua My Computer, bonyeza F kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha uchague Disconnect. Itatoka.

Lakini Baba, F ilikuwa njia ya kufikia kompyuta kubwa ya ofisini. Kiwanda kikikupa mashine, wao wenyewe huiondoa hiyo F kwanza. Na Krismasi ulituambia kompyuta moja imepotea kiwandani, Mogaka soja wa geti akafutwa kazi. Hiyo ilipatikana?

Binti yako,
Caren

Silibwet, 30 Juni 1998

Caren,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu.

F ilitoka mara moja. Wazee wakaja, mchungaji akamshukuru Mungu kwa ukarimu wa kiwanda, nami nikasema amina.

Haikupatikana, Caren. Niliichukua mimi, nikaificha miezi mitatu kwa stoo ya mahindi. Mogaka alipofukuzwa nilikuwa nimesimama pale pale, na sikufungua mdomo.

Nilimwambia mama yako kwanza. Alilia, halafu akanisaidia kuifunga kwa blanketi. Nikairudisha kwa meneja na kuandika taarifa kwa mkono wangu. Polisi wataniita.

Jana nilienda kwa Mogaka, huko Chepilat. Siku hizi anachuma chai kwa shamba la watu. Nikamwambia, "Ulifukuzwa kwa kosa langu."

Akamwambia mkewe Nyabate aniletee chai. Sikuthubutu kumwomba msamaha, naye hakuutaja. Alisema tu, "Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi. Wakitoka shule, waambie wewe mwenyewe."

Ilikuwa saa nane. Nikaketi kwenye benchi nje ya nyumba yake, nikawangoja.

Baba yako,
Bethwel