Kolelo Hana Mabawa

Jumatatu, 6 Machi 1995

Kaka Salumu,

Nimefungua robota jipya la mitumba asubuhi. Nusu nzima makoti ya manyoya. Nani Morogoro atamvika mtoto koti la manyoya? Wiki saba tangu tukuzike, na bado nachemsha chai ya watu wawili.

Maganga mtani wetu kapita mezani kwangu sokoni. Siku hizi ana duka karibu na stendi, taipureta na mashine ya kudurufu. Kaniachia kijitabu. "Soma hicho, mtani, uone maendeleo." Juu kimeandikwa SAFARI ILIYO TAYARI: JOKA LA MLIMA WA MOTO. Chini: Mtunzi, Maganga.

Nitasoma kesho. Miguu inauma.

Jumanne, 7 Machi

Nimesoma. Ni yako.

Ni ule mchezo uliojifunza kwa mwalimu mgeni, ulipokuwa fundi seremala shuleni Mazimbu. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu na mtu wake wa kubuni, dadu inaamua bahati. Yule mgeni alikuwa na vijitabu vya safari zilizokwisha kutungwa, majumba ya mawe na theluji. Ukasema theluji huijui. Ukatunga yako kwenye daftari, penseli unailamba kila mstari, jioni unanisomea. Watu wanapanda kutoka Bigwa mpaka pango la Kolelo, nyoka wa mizimu ya wazee wetu, kuomba mvua. Hawapigani. Anayefika anavua viatu, anapiga magoti, anaamkia. Kolelo anamwuliza swali.

Kwa Maganga, Kolelo ana mabawa. Anatema moto. Ana sanduku la dhahabu na binti mfalme. Njia ni ile ile. Hata kosa lako ni lile lile: uliandika "mamba" badala ya "mwamba", na kwake pia wasafiri wanakaa juu ya mamba kula mihogo. Kakuibia mpaka kosa.

Mwisho: "Joka likikatwa kichwa, safari imekwisha."

Nimetoka nje nikatema mate. Kweli nimetema.

Alhamisi, 9 Machi

Nimekwenda dukani kwake. Nilitaka mambo mawili: jina lako juu ya jalada, na Kolelo aachwe alivyo. Nikamwambia kaiba daftari la marehemu.

"Nimeiba? Mimi Mnyamwezi, wewe Mluguru. Nililibeba msibani mchana kweupe. Nikasema nakwenda nalo Tabora mpaka mlikomboe. Ulisema nini?"

Nilisema chukua.

Nakumbuka. Watani walikuwa wakituchekesha kama desturi. Mmoja kavaa kanzu yako, kajilaza mkekani, anadai wali. Nilicheka mara ya kwanza siku ile. Kanzu tuliikomboa, sufuria tuliikomboa. Daftari nilidhani ni lile lingine, la vipimo vya mbao. Na kitu kisichokombolewa mpaka tanga linaanuliwa ni cha mtani. Sote tunajua.

"Soko huria hili, mtani. Watu wanataka kukata kichwa. Shikamoo wanapata bure nyumbani."

Ana haki kwa mila. Hilo ndilo linalonichefua zaidi. Mikono yake ina wino mpaka kwenye kucha, na kwa mikono hiyo alitushika mkono msibani.

Jumapili, 12 Machi

Nimecheza. Sikukusudia. Wanacheza nyuma ya duka, Maganga anasimulia, kijitabu mkononi. Mwalimu Chuwa wa shule ya msingi na wenzake wawili. Nikaomba nafasi, wakanisogezea stuli.

Katika mchezo tukafika pangoni. Chuwa kachomoa upanga wake. Nikasema zamu yangu. Navua viatu. Napiga magoti. Nasema shikamoo.

Maganga kafunua ukurasa. Kafunua mwingine.

"Hamna humu. Joka haliamkiwi. Rusha dadu."

"Sirushi. Nimemwamkia mkubwa, nangoja aitikie."

Chuwa kacheka mpaka kakohoa. "Itikia basi, Maganga! Joka gani halina adabu hivyo? Upanga wangu mimi utangoja."

Nani atampiga mtu aliyempigia magoti kabla hajamwitikia? Hakuna kati yetu. Maganga jibu alikuwa nalo, alilisoma kwenye daftari, akalifuta mwenyewe. Akafunga kijitabu. Kisha, kwa sauti ndogo: "Marahaba."

Akaishia hapo. Swali nikaliuliza mimi, kwa maneno yako: Umemwacha nani nyumbani anayekungoja?

Chuwa akauliza nani katunga hii. Nikataja jina lako.

Jumatatu, 13 Machi

Vijitabu bado viko dirishani kwa Maganga. Mabawa yale yale. Nilidhani jana imebadilisha kitu. Chuwa kapita sokoni kunionyesha chake: kalikata jina la Maganga kwa kalamu, kaandika Salumu. Kimoja. Vingine vimerundikwa kama sabuni. Kinyaa hakijanitoka.

Jumamosi, 18 Machi

Mvua tangu alfajiri, kilele cha Lupanga hakionekani. Sikwenda sokoni.

Maganga kaleta daftari. Hakudai hata kuku wa kulikomboa. Kasema "Pokea, dada," akaondoka na mvua yake. Hajawahi kuniita dada, siku zote mtani. Imeniuma kidogo, sijui kwa nini.

Kurasa za pangoni hazimo. Zimekatwa kwa wembe. Sikumfuata.

Nimekaa mchana kutwa naziandika upya. Shikamoo nimeikumbuka. Swali nimelikumbuka. Alichosema Kolelo baada ya watu kujibu, sikumbuki, na wa kumwuliza ulikuwa wewe. Nimeacha mistari sita mitupu. Juu nimeandika jina lako, herufi kubwa.

Kaka, mimi nakukumbuka kila siku. Na wewe huko uliko, nikumbuke.