Nilimtumia Kaka Picha za Nyasi za Jirani

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, na kama barua zako unazisoma umesimama basi vuta kiti, maana hii ni ndefu na mimi shule niliishia darasa la nne, nukta nazijua kwa mbali tu.

Watu wananiita Kicheko. Kazi yangu ni kuuza chochote kinachouzika, soksi, chaja za simu, miwani ya jua siku za mvua, na mwenye akili kwenye familia yetu ni kaka yangu mkubwa, yeye ana ng'ombe kumi na mmoja wa maziwa na shamba la malisho alilolikata vipande vinne kwa seng'enge na nguzo za miti, halafu ng'ombe anawahamisha hapa kwenda pale kama mwenye nyumba anayehamisha wapangaji, sasa huyo kaka alianguka kutoka juu ya paa la banda akaumia mgongo akalazwa hospitali ya mjini, shemeji akaenda kumuuguza, mimi nikaachiwa ng'ombe. Kabla hajapakiwa kwenye gari alinipa sheria mbili tu. Ya kwanza, weka ngumi chini, nyasi zisipoifunika ngumi yako toa ng'ombe, funga geti, hamia kipande kingine. Ya pili, kipande cha juu hakiguswi mpaka kiangazi, hata nyasi zikikauka ziwe rangi ya biskuti ziache hivyo hivyo, hicho ndicho chakula cha siku mbaya na humo ndimo mbegu zinamodondoka. Nikamwambia kaka, mimi nimewahi kumuuzia kofia mtu aliyekuwa amevaa kofia, nyasi ndizo zitanishinda?

Zimenishinda, mshauri.

Mwezi wa kwanza nilipima vizuri, kila asubuhi napiga ngumi chini kama nagombana na ardhi, lakini kuhamisha ng'ombe kila baada ya siku chache kulikuwa kunanikatizia biashara yangu, nikafungua mageti ya vipande vitatu vyote nikasema wachague wenyewe, ni watu wazima. Kumbe ng'ombe akipewa uhuru anarudia palepale penye majani mateke, yakichomoza kidogo anakata, yakichomoza tena anakata. Ngumi ikaanza kuonekana, nikalaza kiganja, kiganja nacho kikaonekana, nikaacha kupima. Halafu akaja muuza nyama, ana ng'ombe thelathini wa kuchinja na hana pa kuwaweka, akatupia jicho kile kipande cha juu, akasema Kicheko, nyasi zote hizi unaziozesha za nini, niwekee wanyama wangu siku mbili na wewe tumia pikipiki yangu. Mimi na pikipiki, mshauri, ni kama mtoto na sukari. Siku mbili zikawa kumi na mbili. Walipoondoka nilipita pale nikaona ardhi inanitazama, mizizi iko nje kama meno, na mvua ya mwisho ilipokuja maji hayakuzama, yalipita juu juu yakaondoka na udongo, na sasa ni kiangazi, chini pagumu kama sakafu ya saruji, kilichoota ni magugu ya miiba tu ambayo hata mbuzi wa jirani akiyaona anageuza njia.

Hayo yote ni dhambi moja, ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Kaka alikuwa ananipigia kila siku, mdogo wangu, nyasi zinaendeleaje, nitumie picha nijiliwaze. Ningempigia picha nini, vumbi? Nikavuka kwenda kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, yeye malisho yake yako sawa, nikapiga picha nikamtumia. Shemeji akaniambia kaka anawaonyesha wagonjwa wote wa wodini, anasema huyu ndiye mdogo wangu mliyesikia hana maana, angalieni. Nikaendelea, picha kila wiki, siku nyingine naongeza na maneno, kwamba nyasi zimerefuka mpaka ndama amepotea humo tunamtafuta kwa filimbi. Kaka alikuwa anacheka mpaka anashika mgongo. Sasa wiki tatu zilizopita akaniuliza, "Hizi nguzo za chuma umeziweka lini?" Nikashtuka, uzio wa mwalimu ni wa nguzo za chuma, mimi hata sikuziona. Nikamjibu, "Nimeboresha, kaka, nilitaka iwe zawadi." Akasema, "Basi sawa." Nashukuru aliamini, labda ni zile dawa za maumivu, maana tangu siku hiyo hajauliza tena habari za nyasi wala hataki picha, akipiga ananiuliza kitu kimoja tu, "Umekula?" Nami namwambia nimeshiba kaka, tumbo ngoma.

Ng'ombe wawili wamekufa. Wa tatu, ambaye kaka alimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa na anamwita Binti, amelala chini tangu juzi, namwinua kwa kamba na gunia, anasimama kidogo, ananilamba mkono, anarudi chini. Jana alikula boksi langu la soksi, boksi lenyewe, mshauri, karatasi, na wenzake wakaja kupanga foleni. Mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Kaka anaruhusiwa kutoka mwisho wa mwezi. Nimefikiria kusema ni ugonjwa uliingia, nimefikiria kumwomba shemeji amcheleweshe, nimefikiria kupanda gari lolote linaloenda mbali. Nimezoea kujichomoa kwa utani, sasa nautafuta mfukoni sioni. Nimwambie nini mtu anayetembelea fimbo, anayerudi nyumbani kuona vumbi?

Ni mimi Kicheko, niliyeishiwa.

JIBU

Kicheko, nimecheka mara moja, kwenye kofia. Baada ya hapo sikucheka tena, na wewe ulikuwa bado unaendelea.

Tuanze na Binti, maana barua imechukua siku kunifikia na yeye hana siku za kuchezea. Kama bado yuko chini, mwite daktari wa mifugo leo, si kesho. Akisema hainuki tena, usimwache ateseke ili wewe upate moyo wa kuagana.

Waliobaki, chagua watatu wenye nguvu. Wengine wauze wakiwa bado wanatembea. Najua ni wa kaka yako, kwa hiyo unampigia kwanza, hilo nalifikia. Hao watatu wafungie bandani wale humohumo, wasikanyage shamba hata kwa matembezi. Nenda kwa mwalimu, mtazame usoni, mwambie umekuwa ukipiga picha malisho yake, kisha mwombe akuuzie nyasi kavu. Muulize pia kama atakuruhusu ukate masuke ya nyasi zake yenye mbegu. Rudisha pikipiki.

Shamba funga lote, mageti yote manne. Usichome moto. Ng'oa yale magugu ya miiba kabla hayajatoa maua. Kata matawi, yalaze juu ya sehemu zilizobaki uchi, chimba mifereji midogo inayokatiza mteremko ili maji yakija yasimame, na mbegu umwage mvua zikikaribia. Halafu subiri. Sikudanganyi, msimu ujao wote huenda usilishe hapo hata ndama, na kile kipande cha juu, udongo wake umeshaondoka, kinaweza kuchukua miaka, au kisirudi kabisa kama alivyokiacha.

Sasa kaka yako. Wewe unayeweza kumuuzia kofia mwenye kofia, hujaona hili? Nguzo za ule uzio alizichimbia mwenyewe, moja moja. Malisho ya mwalimu na zile nguzo zake za chuma amevitazama miaka yote kutoka upande wa pili. Dawa za maumivu hazimsahaulishi mtu nguzo zake. Anajua, Kicheko. Amejua wiki tatu, amelala chali, hawezi kuja kuona na hataki kukuaibisha mbele ya wagonjwa aliokusifia kwao. Ameacha kuuliza nyasi kwa sababu kila akiuliza anapata uongo. Amebakiza swali moja ambalo alidhani huwezi kulidanganya, na hilo nalo umemwambia tumbo ngoma.

Sijui kama atakusamehe. Mimi sikuahidi. Lakini usimngoje aje ayaone mwenyewe akiwa na fimbo mkononi. Piga simu leo, usitie utani hata mmoja, usimsingizie muuza nyama. Na hutahitaji kutafuta pa kuanzia, ataanza yeye. Akikuuliza umekula, mwambie hapana, kaka, sijala, na ng'ombe nao hawajala.