Chungu Kipo, Mimi Sipo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana jambo hili siwezi kumweleza mtu kazini. Mimi ni mhadhiri mwandamizi wa chuo kikuu, nachunguza vimeng'enya, yaani vile vitu ndani ya mbegu vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na miaka miwili kimea changu cha ulezi kilinishinda maabara, uji ukiwa wa moto kinakufa, ukipoa sana unachacha kabla haujalainika, mpaka nilipopanda kijijini Rangwi likizo nikamkuta shangazi yangu Sesilia anapika togwa, akachovya kidole kwenye uji, akahesabu mpaka tano bila kukitoa ndipo akatia kimea, akaniambia, "Usipofika tano, uji bado unaua," basi nikatoa kipimajoto nikapima palepale, nikarudi nikaandika makala, nikasema njia hiyo nimeibuni mwenyewe, na sasa kikao cha mwezi ujao kinataka kunipandisha kuwa profesa mshiriki kwa makala hiyohiyo. Pasaka nilimpelekea jarida aone picha, akaniuliza, "Mbona chungu changu kipo, mimi sipo?" Nikacheka tu. Nikisahihisha naogopa cheo kitaondoka, nisiposahihisha siwezi kumtazama usoni. Nifanyeje?

Rahabu

Rahabu, marahaba, ingawa hukuniamkia. Barua ndefu hivyo, shikamoo imekushinda!

Mimi shule niliishia la pili. Hivyo vimeng'enya nimevisikia leo, kumbe ni kimea kilichokwenda shule. Hata mimi hapa Lushoto nahesabu mpaka tano, na mama yangu alihesabu, na hakuna aliyedai kabuni. Kupima nyuzi ni kazi yako, mie nisingeiweza, na miaka miwili ya kushindwa si mchezo, pole. Lakini kusema umebuni ni uongo, tena umeuandika kwa Kizungu ukijua mwenye kidole hasomi. Halafu alipokuuliza ukacheka. Hapo ndipo uliponiudhi.

Wiki hii, kabla ya kikao, liandikie jarida kwamba njia ulifunzwa na Sesilia wa Rangwi. Jina lake lote, siyo "mwanakijiji mmoja". Nakala mpe mkuu wako. Cheo kikiondoka kiondoke, utakitafuta kingine kwa vipimo vyako, vile ni vyako kweli.

Kisha panda Rangwi, na usitangulize karatasi. Mwamkie, muombe radhi, halafu ingia jikoni umpikie togwa. Kipimajoto kiache mkobani. Kidole uchovye wewe.

Bibi Mwajuma