Kemunto Ashuka Mtoni

Jumapili, 17 Agosti

Na bado alishuka mtoni, pamoja na kukatazwa kote kule.

Kesho asubuhi nampeleka dada yangu Kemunto kufanyiwa upasuaji wa macho Kisii mjini. Daktari alimwambia apumzike. Leo, tulipomaliza chakula cha mchana, akachukua fimbo yake.

"Dada, njia inateleza."

"Basi nishike mkono, Moraa."

Nilimshika nikinung'unika njia nzima. Kila alipokanyaga vibaya, nilimkaza mkono zaidi. Akianguka leo je?

Utotoni tuliteremka pale mbio. Likizo ya Agosti tulishinda ukingoni tukiogelea na kufinyanga ng'ombe wa udongo, kisha kuwaanika juu ya mawe. Wa Kemunto walikuwa hata na kope. Wangu hawakusimama.

Leo aliketi palepale, akachimba udongo kwa vidole, akaanza kufinyanga. Nilipomtazama usoni, nikaona amefumba macho.

"Mbona umefumba?"

"Daktari alisema huenda yasipone. Nataka kujua kama bado nitaweza."

Nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka hilo. Mimi hata kwenye maombi nalikwepa.

Nilichota udongo, nikaketi karibu naye, nikafumba yangu pia. Alipomaliza, nilimpapasa ng'ombe wake: pembe mbili, sawasawa kabisa. Naye akampapasa wangu.

"Huyu ni ng'ombe ama kiatu?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nilicheka naye, ila sikufumbua macho upesi. Machozi yangetoka.