Mjomba, Uliwazika Wapi Wale Saba?

Ruaruke,
Kibiti.
9 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Fikirini,

Shikamoo Mjomba. Ni mimi Biasha, mtoto wa dada yako Maimuna, uliyeniacha nikiwa na miaka tisa. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nachingwea, wewe na Mama Ukasha na watoto wote. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ingawa uzima wenyewe tumeupata kwa shida. Mama bado anatembea mwenyewe, ila macho yamepungua nguvu na magoti yanamsumbua asubuhi za baridi.

Najua ukisikia jina lake kwenye simu unakata, kama ulivyokata mwaka juzi. Ndiyo maana nimeandika. Nasibu, anayekuja huko kununua ufuta, ameahidi kukukabidhi mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho.

Siku hizi mimi na mume wangu Haidari tunafuga. Tulianza na mitamba miwili kutoka kwa Wamang'ati, sasa tuna ng'ombe tisa na ndama. Tunachungia bondeni, nyuma ya nyumba ya Mama, palepale ulipokuwa ukichungia wewe. Mama alikuwa akitukataza kuwafikisha ndama kwenye lile korongo. Hakusema kwa nini, nami nikadhani anaogopa nyoka.

Masika ya mwaka huu umesikia yalivyokuwa. Maji yalilimega korongo na kuondoka na udongo mwingi. Yalipokauka, majani yaliota pale duara moja, ukubwa wa chumba, kijani kuliko pengine pote bondeni. Ndama wakapapenda. Kila siku baada ya adhuhuri waliacha kula, wakaenda kusimama mle ndani ya duara, vichwa chini, wakilamba udongo. Hawalii, hawapigi mkia. Ng'ombe wakubwa hawakukanyaga kabisa. Walisimama ukingoni wakikoroma, kisha wakageuka. Nilipokwenda kuwafukuza wale ndama, waliinua vichwa wote kwa pamoja wakanitazama, kama watu niliowakatizia mazungumzo.

Wa kwanza tulimwacha mzima jioni, asubuhi tukamkuta amekufa, tumbo limejaa, damu nyeusi imemtoka puani. Hakuwa amekakamaa. Haidari alimnyanyua mguu, ukajikunja kama wa mnyama aliyesinzia. Tukasema ni ndigana, homa ya kupe. Tukamzika, tukawanyunyizia waliobaki dawa ya kupe, tukaona tumemaliza.

Siku ya tatu, mchana, wa pili akaanza kutetemeka na kuyumba. Haidari aliona amuwahi kwa kisu asije akawa kibudu. Akamchinja, akaanza kumchuna. Mjomba, ile damu haikuganda. Nusu saa nzima ilikuwa ikitiririka juu ya majani ya mgomba, nyeusi, nyepesi, kama haijui kwamba mwenyewe amekufa. Mama alikuwa kibarazani. Nimekuambia haoni vizuri, lakini alikuja moja kwa moja mpaka pale, akainama.

"Weka kisu chini, Haidari," alisema. "Damu hii naijua."

Alikataza nyama isiliwe, hata mbwa wasipewe. Tukamzika ndama na ngozi yake. Mama akaingia ndani, akafunga mlango, na siku ile hakutoka tena.

Majirani unawajua. Wazee wanaokumbuka jinsi ng'ombe wako kumi na mmoja walivyoisha mwaka ule wa El Nino walianza kunong'ona. Wanawake waliozoea kuchota maji kisimani kwetu wakahamia kisima cha mbali. Mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama Mama na Haidari wamewahi kukosana. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuitazama mikono ya mama yangu kila anapogusa kitu.

Kisha Haidari akatokwa na kipele mkononi, kama ameumwa na mdudu. Kesho yake kikawa lengelenge. Siku ya nne katikati palikuwa peusi kama kaa, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko, na yeye anasema hasikii maumivu yoyote. Hilo ndilo lililonitisha kuliko vifo vya ndama. Alikikandamiza kwa kidole mbele yangu, akacheka.

Nikamwita bwana mifugo wetu, anaitwa Husseini. Alipoukuta ule mkono hakuuliza habari ya ng'ombe. Alimpakia Haidari kwenye pikipiki, akampeleka hospitali kwanza. Aliporudi alivaa glovu na mabuti, akapima joto ndama mmoja mmoja. Mmoja, jike mweusi, alikuwa anachemka. Husseini alimtenga akamchoma penisilini, na akaendelea kumchoma siku tano, mpaka tukamwona anacheua tena. Kisha akaomba kuonyeshwa wanapochungiwa.

Ukingoni mwa lile duara maji yalikuwa yameacha mafuvu manne wazi. Pembe zilitoka kwenye udongo kama mizizi. Nilikuwa nimepita pale siku zote nikidhani ni mizizi.

Majibu ya kidonda cha Haidari yalipotoka, Husseini alitueleza. Ugonjwa unaitwa kimeta. Kidudu chake kinajifungia kama mbegu na kukaa ardhini miaka na miaka, mpaka maji yakifukue. Ndama walikuwa na upungufu wa madini mwilini, ndiyo maana walifuata mifupa. Wale wawili tuliowazika alisimamia wakateketezwa kwa moto, pakamwagwa chokaa, korongo likazungushiwa miiba. Waliobaki walichanjwa, na yule mweusi akasubiri dawa imtoke mwilini kwanza. Tukapewa chumvi ya mawe ya kulamba, na amri kwamba asitoke mnyama hapa wala asiingie mpaka aseme yeye. Haidari amepona, amebaki na kovu.

Mama alisikiliza yote akiwa amekaa mkekani. Husseini alipomaliza, alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena.

"Kwa hiyo maneno ya mtu hayaui ng'ombe?" akauliza.

"Hapana, bibi. Ni udongo."

Mama alijifunika kanga usoni, mabega yakawa yanatikisika. Sijawahi kumwona analia hivyo, hata siku tulipomzika Baba.

Baadaye akanieleza nisilolijua. Kwamba mlikosana kwa ajili ya mikorosho ya Babu, na kwa hasira akakuambia, Mungu akupunguzie hao unaoringia. Kesho yake wa kwanza akafa. Ukamwita mchawi mbele ya watu, ukahama. Mjomba, wewe uliamini ni yeye. Lakini na yeye aliamini. Miaka ishirini na sita mama yangu ameishi akijua moyoni kwamba ulimi wake ndio uliowaua, na ndiyo maana hakuwahi kukujibu neno.

Sasa sikia ninachokuomba. Mafuvu ni manne. Ng'ombe wako walikuwa kumi na mmoja. Husseini anauliza wale saba walizikwa wapi, na hapa hakuna anayejua. Mama alikuona ukishuka korongoni tu, na uliwazika peke yako hukutaka msaada wa mtu. Juzi mchana yule jike mweusi aliyepona aliacha wenzake, akaenda chini ya mkorosho mkubwa, akasimama ameinamisha kichwa. Majani pale ni kama ya pengine. Hakuna fuvu, hakuna pembe. Nimemfunga kamba nyumbani, nikapazungushia miiba, lakini siwezi kuzungushia bonde zima. Tunatembea kwenye ardhi yetu kama wageni, tunatazama kwanza pa kukanyaga.

Nilimwambia Mama kwamba nakuandikia. Akasema, "Mwambie nilitamka, sikatai. Lakini sikuwaua. Na mwambie macho yangu yamekwisha, siwezi kuwatafuta wale saba peke yangu."

Haidari anakusalimu, hujawahi kumwona lakini anakujua kwa jina. Nisalimie Mama Ukasha, Ukasha mwenyewe na mdogo wake Kudra. Chumba chako kilichotazama bonde tumekiezeka upya. Mola akulinde njiani, na akulainishe moyo uishike hiyo njia.

Mpwa wako akupendaye na kukungoja,

Biasha